Kiswahili cha Biashara Vyuoni: Haja ya Stadi za Mawasiliano katika Miji ya Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Sentensi fupi ya Kiswahili, "Tumekuuzia magunia ishirini", ina maana mbili zinazopingana. Kwa maana ya kwanza, mwandishi ameuza magunia na msomaji ndiye mnunuzi. Kwa hiyo msomaji anadaiwa. Kwa maana ya pili, mwandishi amemsaidia msomaji kuuza magunia yake kwa mtu mwingine. Kwa hiyo msomaji anadai. Kauli ya kutendea imebeba maana zote mbili bila ya kosa lolote la sarufi. Wanaisimu huitumia mifano ya namna hii kuonyesha tabia ya mnyambuliko. Kwa mkulima wa Trans Nzoia aliyepeleka mahindi yake ghalani, mfano huo ni suala la fedha za karo ya watoto.

Makala haya yanajadili mafunzo ya mawasiliano ya biashara katika vyuo vya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Hoja yake ni kwamba stadi hizi hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza ilhali sehemu kubwa ya biashara ambayo wahitimu wataifanya katika miji hiyo huendeshwa kwa Kiswahili; na kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuitafsiri mihutasari ya Kiingereza. Kiswahili kina mapokeo yake ya barua za biashara, kina adabu yake, na kina mahali pake mahsusi ambapo utata huzuka. Mafunzo yanayofaa ni yale yatakayoanzia hapo.

2. Lugha ya soko na lugha ya darasa

Kitale ni mji wa nafaka. Reli ya kutoka upande wa Eldoret iliufikia mwaka 1926, na mwaka 1956 ikaanzishwa humo Kenya Seed Company, kampuni ya mbegu ambayo jina lake linajulikana katika kila boma lenye shamba la mahindi. Bungoma ni mji wa njia kuu ya Uganda, wenye wakulima wa miwa wa Nzoia, ambako kiwanda cha sukari kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na wenye soko la Chwele linalowavuta wachuuzi kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Upande wa magharibi wa kaunti upo mpaka wa Lwakhakha, na bidhaa huvuka kila siku.

Katika miji hii miwili hukutana wasemaji wa Lubukusu, Kisabaot, Kiteso, Kinandi, Kipokot, Kiturkana na Gikuyu, pamoja na wafanyabiashara wa asili ya Kihindi na wa Kiganda. Baadhi ya lugha hizo ni za Kibantu na baadhi ni za Kinailoti. Msemaji wa lugha ya Kibantu hawezi kuisikia ya Kinailoti kwa kukisia. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba makubwa ya Trans Nzoia yaligawanywa na kukaliwa na watu wa asili mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha majirani hao ilikuwa Kiswahili. Bei hutajwa kwa Kiswahili, deni huombwa kwa Kiswahili, na mkutano wa chama cha akiba huendeshwa kwa Kiswahili hata pale ambapo daftari la chama limeandikwa kwa Kiingereza.

Miji hiyo haina upungufu wa vyuo. Kitale kuna chuo cha kitaifa cha ufundi kilichopandishwa hadhi mwaka 2016. Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati yake mwaka 2015, na vipo vyuo vya ufundi na biashara kama kile cha Sang'alo. Katika kozi za uhasibu, ugavi, ukatibu na usimamizi wa biashara, stadi za mawasiliano ni somo la msingi ambalo mwanafunzi hana budi kulipita. Somo hilo hufunzwa kwa Kiingereza, na majibu ya mtihani huandikwa kwa Kiingereza.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwanafunzi huyo hakuja chuoni mikono mitupu. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Katika karatasi ya insha ya mtihani wa kidato cha nne, ambao ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, watahiniwa wamekuwa wakitungiwa maswali ya barua rasmi, kumbukumbu za mkutano, ripoti na tangazo. Kijana aliyepitia njia hiyo hufika chuoni akiwa ameanza kuijua sajili ya kikazi ya Kiswahili. Chuo, ambacho ndicho kingelipaswa kuikomaza, huiacha ilipo. Miaka miwili au mitatu baadaye mhitimu huketi nyuma ya meza ya ofisi akiwa na Kiingereza cha barua na Kiswahili cha mtihani wa shule.

3. Mapokeo mawili ya Kiswahili cha biashara

Wapo wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya mazungumzo ya sokoni na kwamba maandishi ya biashara ni elimu iliyoletwa na Kiingereza. Historia haikubaliani nao. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, na zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa huko Uhindi. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha Ujerumani mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, na barua zimo ndani yake. Mtu wa pwani aliyekuwa na shehena baharini, au mdeni bara, alijua kuandika barua yenye mpango: anwani ya heshima ya mwandikiwa, salamu na habari za afya, neno la kugeuzia kama vile "ama baada ya salamu", kisha jambo lenyewe, na mwisho "wasalaam" pamoja na jina na tarehe.

Msamiati nao ulikuwako. Maneno kama amana, arubuni, dhamana, hawala, hundi, rehani, riba, stakabadhi na dalali yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, yakatumika kwa vizazi vingi kabla ya darasa la kwanza la biashara kufunguliwa. Mhitimu wa leo anayetafuta neno la kutaja fedha zinazotangulizwa ili kuthibitisha ununuzi hana haja ya kubuni. Neno ni arubuni, na lilimngoja muda wote huo.

Lakini Kitale haikupokea Kiswahili cha barua za pwani. Mapokeo ya pili ni ya mashamba ya masetla. Mwaka 1936 kilitoka kitabu cha F. H. Le Breton, Up-country Swahili, ambacho anwani yake ilitaja waziwazi kwamba kimekusudiwa askari, setla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kiswahili kilichohitajiwa na wasomaji wa aina hiyo kilikuwa hasa cha kutoa amri. Ile lahaja iliyoitwa Kisetla ilikuwa na vitenzi vya kuamuru kwa wingi, upatanisho mchache wa ngeli, na nafasi ndogo sana ya kuombana, kushauriana au kuafikiana. Ni lugha ya upande mmoja: bwana anasema, mtumishi anafanya.

Mabaki yake hayajakwisha. Yapo katika matangazo ya madukani na ya malangoni yanayomkabili mteja kama kwamba ni mkosaji: "Usiulize mkopo", "Usiegemee hapa", "Leta risiti". Mwenye duka hakukusudia kumtukana mtu. Amerithi tu Kiswahili kisichokuwa na milango ya adabu. Kwa hiyo mwalimu wa mawasiliano katika miji hii hana budi kujua kwamba wanafunzi wake wanasimama kati ya mapokeo mawili, na kwamba kazi yake mojawapo ni kuwarejeshea lile ambalo bara ililikosa.

4. Muundo uliokopwa

Pale ambapo Kiswahili kimepewa nafasi katika barua za ofisi, mara nyingi kimevikwa kanzu ya mtu mwingine. Tanzania iliagiza mwaka 1967 kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na kutokana na uamuzi huo kukazuka sajili nzima ya ofisi ambayo imevuka mipaka. Faida yake ni kubwa mno. Hata hivyo baadhi ya vipengele vyake ni Kiingereza kilichogeuzwa neno kwa neno. Barua nyingi huanza kwa "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Msomaji ambaye hakusoma Kiingereza hujiuliza ahusike vipi na kichwa cha habari. Yeye anahusika na deni lake, na mahindi yake, na mbolea yake. Sentensi hiyo haina taarifa yoyote, nayo imekalia mahali ambapo Kiswahili huweka salamu.

Hali ni hiyo hiyo kwa "Mpendwa Bwana" na "Wako mwaminifu". Katika Kiswahili, mpendwa ni mtu anayependwa kwa dhati. Mdaiwa aliyeitwa mpendwa katika mstari wa kwanza na kutishiwa mahakama katika mstari wa nne ana haki ya kushuku ukweli wa maneno yote mawili. Shule za Kenya zimezoea kuandika KUH au MINT mbele ya kichwa cha barua, na jirani zao wa Tanzania YAH. Vifupisho hivyo havina madhara, mradi kichwa chenyewe kiseme jambo. "KUH: Malipo ya mbolea uliyochukua Machi" ni kichwa kinachomfaa msomaji kuliko "KUH: Deni".

Vitabu vya Kiingereza vya somo hili hupenda kutoa orodha ya sifa saba za ujumbe mzuri, ambazo kwa Kiingereza zote huanza kwa herufi moja: ukamilifu, ufupi, kumjali msomaji, uwazi, uthabiti, adabu na usahihi. Hakuna mtu atakayezikataa. Tatizo huja katika kuzipima. Ufupi kwa kipimo cha Kiingereza cha ofisi humtaka mwandishi aingie katika jambo mara moja. Kwa mzee wa Kibukusu aliyezoea kwamba neno la kwanza kati ya watu wawili ni "Mulembe", neno la amani, barua isiyo na salamu huwa imekwisha kusema jambo kabla ya kufika kwenye jambo: imesema kwamba mwandishi amekasirika. Mistari miwili ya salamu haipotezi wakati wa msomaji huyo. Humwandaa apokee kinachofuata, na huhifadhi uhusiano ambao mfanyabiashara atauhitaji msimu ujao wa kupanda.

5. Mahali hasara inapozuka

Adabu peke yake haitoshi. Mfasaha wa maneno anaweza kuandika barua tamu ambayo inamgharimu mwenzake fedha. Kiswahili, kama lugha nyingine zote, kina mahali mahsusi ambapo maana huteleza, na mahali hapo hapapatikani katika kitabu cha Kiingereza kwa kuwa Kiingereza huteleza kwingine. Yafuatayo ni matano yanayostahili kufunzwa.

(a) Hesabu. Usemi "elfu arobaini na tano" kwa kawaida hueleweka kuwa 45,000. Kisarufi, hata hivyo, unaweza vilevile kuwa 40,005. Katika mazungumzo, muktadha huamua; katika hati ya mkopo, muktadha huwa umeachwa mezani walikozungumzia. Wasemaji wengi hujikinga kwa kusema "arobaini na tano elfu", na mazoea hayo ni mazuri. Kanuni ya darasani iwe rahisi: kila kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na katika maneno, elfu itajwe baada ya idadi yake.

(b) Saa. Ujumbe wa simu usemao "Lori litafika saa 9" una masaa mawili ndani yake. Anayehesabu kwa Kiswahili atasoma saa tisa, yaani alasiri. Aliyezoea kuangalia saa ya simu na kuisoma kwa Kiingereza atasoma saa tatu ya asubuhi. Tofauti ni saa sita. Mkulima aliyetandaza magunia kando ya barabara wakati wa mvua anaijua thamani ya saa sita. Tiba ni kuandika saa kwa maneno na kutaja wakati wa siku: "saa tatu asubuhi", "saa tisa alasiri".

(c) Vipimo. Gunia la mahindi katika biashara rasmi ya Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90. Gunia la viazi au la makaa halina uzito huo. Gorogoro na debe ni vipimo vya ujazo, na uzito wa kilichomo hubadilika kwa unyevu na kwa namna mpimaji alivyojaza. Mhitimu afundishwe kutaja kilo kila mahali ambapo bei inategemea uzito, na kulitumia neno gunia kwa kuhesabu mizigo tu.

(d) Vitenzi vya kutoa na kupokea. Mfano wa kuuzia umekwisha kutajwa. Kitenzi kuazima nacho hutumiwa kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kuchukua, hivyo "Chama kiliazima shilingi elfu kumi" hakielezi ni nani mdeni. Kukopa na kukopesha vinatofautiana kwa kiambishi tu, na katika Kiswahili cha haraka cha soko tofauti hiyo mara nyingine humezwa. Njia ya kujikinga ni kutaja pande zote mbili na kuongeza sentensi ya kufunga: "Tumeuza magunia yako ishirini kwa mnunuzi mwingine; tunapaswa kukulipa". Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "Tumekuuzia", na hapo urefu ndio uwazi.

(e) Muhula. Semi kama "mwisho wa mwezi", "baada ya mavuno" na "wiki mbili zijazo" zina adabu lakini hazina mpaka. Hata "hadi tarehe 10" huacha swali: je, siku ya kumi yenyewe imo? "Ikiwa ni pamoja na tarehe 10" huliondoa swali hilo.

Kwa mwanaisimu, mambo haya yanafahamika kila moja peke yake. Yanapokusanywa pamoja katika mtalaa wa chuo huwa sarufi ya uaminifu wa biashara. Katika migogoro mingi midogo baina ya majirani, kila upande huamini kwamba mwenzake ni mwongo, kumbe wote wawili wameisoma sentensi ile ile.

6. Mfano: barua ya kudai deni

Barua ya kudai ni mtihani mgumu kuliko barua nyingine, kwa kuwa mwandishi anataka vitu viwili ambavyo ni vigumu kupatana: fedha zake na mteja wake. Ifuatayo ni barua ya kubuni, iliyotungwa kwa mtindo uliokopwa:

"Mpendwa Bwana, YAH: DENI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Unakumbushwa kwamba hujalipa deni lako. Unatakiwa kulipa mara moja. Kushindwa kufanya hivyo kutasababisha hatua za kisheria kuchukuliwa. Wako mwaminifu."

Barua hii ni fupi, na kila sentensi yake ina kasoro. Haisemi deni ni kiasi gani, wala lilitokana na nini, wala fedha zilipwe wapi. "Unakumbushwa" na "unatakiwa" vimemficha mwenye kudai nyuma ya kauli ya kutendwa. Mkulima hajui azungumze na nani. "Mara moja" si tarehe. Kitu kimoja tu ndicho kilicho wazi, nacho ni tishio.

Barua nyingine ya kubuni, juu ya jambo lile lile, ingeweza kuandikwa hivi:

"Kwa Mzee, salamu na heshima. Tunatumaini u mzima na jamaa wote nyumbani, na kwamba mavuno yamekwenda vyema. Baada ya salamu: tarehe 14 Machi ulichukua dukani kwetu mifuko 6 ya mbolea kwa Sh. 36,000 na pakiti 9 za mbegu kwa Sh. 9,000, jumla Sh. 45,000 (arobaini na tano elfu). Tarehe 20 Novemba ulilipa Sh. 20,000 (ishirini elfu), nasi tunakushukuru. Zimebaki Sh. 25,000 (ishirini na tano elfu), ambazo tulikubaliana uzilipe kabla ya tarehe 15 Desemba. Leo ni tarehe 8 Januari. Tunakuomba uzilete dukani, au uzitume kwa simu, kufikia tarehe 31 Januari, saa kumi jioni, ikiwa ni pamoja na siku hiyo. Ikiwa mahindi hayajauzwa, tafadhali fika tuzungumze kabla ya tarehe hiyo ili tuandike mpango mpya. Wasalaam."

Mpango wa barua hii ni ule wa barua za pwani: heshima, salamu, neno la kugeuzia, jambo, wasalaam. Ndani ya mpango huo zimewekwa tarakimu ambazo mkaguzi wa hesabu angeridhika nazo. Mdaiwa ameambiwa alichochukua, alicholipa, kilichobaki, mahali na siku ya kulipa, na mlango wa kupitia ikiwa hana. Tishio halimo, lakini barua hii ingefaa mahakamani kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inathibitisha makubaliano. Adabu na usahihi havikushindana. Kila kimoja kimempa mwenzake nafasi.

7. Mafunzo yapangwe vipi?

Mapendekezo manne yanatokana na yaliyoelezwa.

Kwanza, vyuo vitenge sehemu ya somo la stadi za mawasiliano ifundishwe na kutahiniwa kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kimempa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika nazo kikamilifu. Habari iliyoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi haijamfikia.

Pili, mazoezi yatokane na kazi za mahali. Mwanafunzi wa Kitale aandike tangazo la kupokea nafaka. Tangazo lisemalo "Mahindi mabichi marufuku" humrudisha mkulima na gari alilokodi bila ya kumwelimisha. Lingine laweza kusema: "Tunapokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Unyevu hupimwa hapa langoni, mbele yako, kabla ya mzigo kushushwa." Mwanafunzi wa Bungoma aandike kumbukumbu za mkutano wa wakulima wa miwa, akitaja ni nani aliyepewa kazi gani na kwa tarehe ipi, badala ya kuandika "iliamuliwa kwamba jambo lifuatiliwe".

Tatu, ujumbe wa simu upewe heshima ya maandishi kamili. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, malipo, maagizo na madai yamehamia katika simu ya mkononi. Mwaka 2023 wakulima waliosajiliwa kwa mbolea ya ruzuku walipelekewa taarifa zao kwa ujumbe mfupi. Kuandika maneno machache yasiyo na utata ni stadi ngumu kuliko kuandika kurasa mbili, na utata wa saa na wa hesabu uliotajwa hapo juu hudhuru zaidi pale ambapo nafasi ni finyu.

Nne, idara za Kiswahili za vyuo vikuu zitoke katika uchunguzi wa fasihi na sarufi peke yake. Mhadhiri wa biashara hawezi kulaumiwa kwa kufuata vitabu vya Kiingereza ikiwa wenzake wa Kiswahili hawajamwandikia kitabu kingine. Kinachohitajika ni mkusanyiko wa barua, mikataba, matangazo na kumbukumbu halisi, zilizopatikana kwa ridhaa ya wenyewe na kuondolewa majina, ambao utachambuliwa kwa zana za isimu na kurudishwa darasani kama mifano.

Pingamizi mbili zahitaji kujibiwa. Yasemwa kwamba mhitimu atahitaji Kiingereza kwa zabuni, kwa ukaguzi wa hesabu na kwa biashara ya ng'ambo. Ni kweli, na hakuna aliyependekeza kukiondoa. Mhitimu huyo huyo, baada ya kujaza fomu ya zabuni kwa Kiingereza, atatoka nje kuwaeleza wakulima arobaini kwa nini malipo yamechelewa. Na kwa kazi hiyo ya pili hakuandaliwa. Yasemwa tena kwamba Kiswahili cha Kitale na Bungoma si sanifu, na kwamba mteja hataelewa maneno kama arubuni au stakabadhi. Hapa mwalimu atumie busara. Mteja akisema risiti, risiti ni neno la Kiswahili na liandikwe. Usanifu katika biashara ni pale ambapo pande mbili zinafikia maana moja. Upatanisho wa ngeli utafuata kwa mazoezi, lakini maana isiyofika leo haitafika kesho kwa sababu ya ngeli.

8. Hitimisho

Stadi za mawasiliano zimefunzwa magharibi mwa Kenya kana kwamba ni kitu kimoja duniani kote, kinachohitaji kubadilishwa lugha tu. Uchunguzi wa barua, saa, hesabu na vitenzi umeonyesha kwamba kila lugha ina njia yake ya kumheshimu msomaji na njia yake ya kumpotosha. Anayezijua njia hizo mbili katika Kiswahili atawafaa wateja wake wa Kitale na wa Bungoma kwa namna ambayo Kiingereza chake, hata kiwe bora namna gani, hakiwezi kumsaidia.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima aliyeuziwa magunia ishirini, daftari lipo na limeandikwa. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba yeye na mwandishi wanasoma habari moja.